Zima Antivirusi Kwanza

Ndani ya mafurushi mengi ya kukraki Windows kuna faili dogo la maelezo, na mara nyingi agizo lake la kwanza ni hili: zima antivirusi kwanza. Fundi anazima, anabonyeza, anasubiri dakika chache. Yale maandishi hafifu pembeni mwa kioo yanayodai leseni yanatoweka. Mteja analipa hela ya kupigiwa Windows, anabeba laptopu yake na kuondoka ameridhika. Antivirusi haiwashwi tena, kwa sababu ikiwashwa italifuta lile faili lililofanya kazi, na Windows itarudi kudai leseni.

Je, tumewahi kulitafakari agizo hilo hata kidogo? Programu ambayo hujui imeandikwa na nani inakutaka uondoe ulinzi kabla haijaingia. Sijui dalili ya hatari iliyo wazi kuliko hiyo, na bado tunaipita kila siku. Desemba 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani iitwayo Red Canary ilieleza jinsi wahalifu walivyokuwa wakisambaza KMSPico bandia. KMSPico ni programu maarufu ya kukraki Windows. Ndani ya hiyo bandia mlikuwa na CryptBot, kirusi kinachoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Aliyeipakua alipata Windows isiyodai leseni, na mtu wa mbali akapata nywila zake zote.

Nimetangulia na hilo kwa sababu kuna neno ninalolisikia sana hapa Bariadi, kwenye steshenari, kwenye maduka ya simu, hata maofisini. Watu husema Windows ndiyo inayopata virusi. Linux haipati, Mac haipati, simu haipati. Ni kweli kwamba mifumo hii haishambuliwi sawasawa. Lakini anayeshika nusu ya kwanza ya ukweli huo na kuiacha sababu yake yuko hatarini zaidi ya asiyejua lolote, kwa kuwa ameacha kuangalia. Mimi na wewe tunaweza kuangukia hapo hapo.

Tuanzie kwenye flashi, maana kwetu Simiyu virusi vingi bado vinasafiri mfukoni.

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana wanamiminika steshenari kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Kazi ni ileile kwa kila mmoja: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kinaskaniwa, fomu inaprintiwa, inasainiwa, inaskaniwa tena, vyote vinahifadhiwa kwenye flashi. Flashi hiyo inachomekwa kwenye kompyuta ambayo asubuhi ile imeshapokea flashi za watu wengi wengine. Kijana anarudi nyumbani Nyakabindi au Dutwa, anaazima laptopu ya kaka yake, anafungua. Folda lake la vyeti lipo, lakini limebadilika kidogo. Kwenye kona ya chini kushoto kuna kishale kidogo. Ukubwa wake ni KB 1 au 2. Kwenye safu inayotaja aina ya faili, pale palipokuwa pakisomeka folda, sasa pameandikwa shortcut.

Kijana anabonyeza mara mbili, na folda linafunguka kama kawaida. Vyeti vyote vipo. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Kile kishale kimeamuru mambo mawili kwa mpigo: kimeamsha kirusi kilichojificha ndani ya flashi, kisha kikafungua folda halisi ili mwenye nalo asishtuke. Laptopu ya kaka imeshaambukizwa, na flashi yoyote itakayochomekwa humo kuanzia saa hiyo itaondoka na kishale chake.

Zipo dalili nyingine. Flashi inaonekana haina kitu, lakini ukiangalia nafasi yake imejaa nusu. Dirisha jeusi linawaka na kuzimika upesi mno hata huwezi kulisoma. Kompyuta inakuwa nzito. Antivirusi inafungwa yenyewe, na ukijaribu kuifungua inakataa. Mtu akiona hayo anasema flashi imeharibika, au kompyuta imechoka, na siku ya mwisho ya maombi imekaribia, basi anaifomati flashi. Kwa kuifomati ndipo anapovipoteza vyeti. Kirusi cha aina hii hakifuti mafaili, kinayaficha tu. Fundi anayejua kazi anaweza kuyarudisha kwa amri moja fupi ya attrib inayoondoa alama ya kufichwa. Basi ndugu yangu, ukiona vishale usifomati. Peleka flashi kwa anayejua, na usiichomeke kwingine kabla haijasafishwa.

Sasa flashi hiyohiyo ichomeke kwenye kompyuta yenye Linux, tuseme Ubuntu au Linux Mint. Kishale kinaonekana kama faili tu lisilo na pa kumpeleka mtu. Faili la kirusi nalo linaonekana wazi, mara nyingi lina jina la herufi zisizo na maana, na ukilibonyeza haliendi popote, kwa kuwa limeandikwa kwa amri za Windows. Mafaili yako yaliyofichwa kwa mtindo wa Windows yapo mbele yako, unayanakili. Ndiyo sababu mafundi wengine huwa na laptopu moja ya Linux kwa kazi hii peke yake.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni ya kibiashara tu. Katika kompyuta za mezani na laptopu duniani, takribani saba kati ya kumi zinatumia Windows, na Linux haifiki hata moja kati ya kumi. Mwandishi wa kirusi anataka watu wengi, hivyo anaandika kwa ajili ya mfumo wenye watu wengi. Wengi huishia hapo wanapoeleza, na wakiishia hapo wameacha sehemu yenye faida kwetu.

Sehemu hiyo inahusu nani ana mamlaka ndani ya kompyuta. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, akaunti ya kwanza uliyofungua ilikuwa ya msimamizi mwenye mamlaka yote. Ulipokuwa unasikiliza muziki ulikuwa msimamizi, ulipofungua barua pepe ulikuwa msimamizi, na kirusi kilichoingia saa hiyo nacho kikawa msimamizi. Linux imerithi utaratibu wa Unix, mfumo uliobuniwa tangu 1969 na baadaye ukatumika sana kwenye kompyuta kubwa za vyuo ambako watu wengi walitumia mashine moja. Humo mtumiaji wa kawaida anagusa mafaili yake, hagusi mfumo. Akitaka kubadili mfumo anaulizwa nywila. Microsoft walikuja kuweka utaratibu unaofanana na huo kwenye Vista mwaka 2007: lile dirisha linalotia kiza kioo chote na kuuliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko. Tumelifanyia nini dirisha lile? Tunabonyeza Yes bila kusoma. Wengine huomba fundi alizime kabisa kwa sababu linasumbua.

Jambo lingine ni jina la faili. Kwenye Windows, herufi za mwisho wa jina ndizo zinazoamua kama faili ni picha au ni programu, na Windows yenyewe imezoea kuzificha herufi hizo. Kwa hiyo faili linaloitwa barua.pdf.exe linaonekana barua.pdf, limevaa alama ya PDF, nawe unabonyeza programu ukidhani unafungua barua. Kwenye Linux, faili ulilolipakua halipewi ruhusa ya kutenda kazi kama programu mpaka wewe mwenyewe uipe. Hatua hiyo moja ndogo imewaokoa wengi.

Kisha kuna suala la programu zinatoka wapi. Mtumiaji wa Linux kwa kawaida hazungukii tovuti kutafuta programu. Zipo kwenye ghala la mfumo wake, zina sahihi ya kidijitali, na mfumo ukisasishwa nazo zinasasishwa kwa pamoja. Ni za bure, hivyo hakuna cha kukraki. Hili kwetu ni kubwa kuliko mengine yote. Sehemu nzuri ya virusi vinavyosumbua kompyuta za mtaani inaingia kupitia krak, na asiyehitaji krak ameufunga mlango huo bila hata kujua. Tena si mambo ya wageni tu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, huru na bila malipo. Natamani kazi ile ingekuwa inajulikana zaidi kwenye shule zetu.

Sasa nieleze kisa chenyewe kinachonifanya niandike, kwa sababu kinaonyesha hatua kwa hatua jinsi dalili zinavyopuuzwa na watu wenye akili zao timamu, wenye mafundi na wenye bajeti.

Ijumaa tarehe 12 Mei 2017 kompyuta zilianza kuonyesha dirisha jekundu. Maandishi yake yalisema mafaili yako yamefungwa. Lipa dola 300 kwa Bitcoin, na baada ya siku tatu malipo yatakuwa maradufu. Pembeni saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Kirusi hicho kiliitwa WannaCry. Kiliruka chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya mtandao, bila mtu kubonyeza chochote, na kwa siku chache kikafikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Walioumia hadharani zaidi ni hospitali za Uingereza. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilipochunguza, ilikuta taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali huko England zimeathirika. Miadi ya wagonjwa 6,912 ilithibitika kufutwa, na makadirio yakafika 19,000. Fikiria mgonjwa wa saratani anaambiwa arudi nyumbani kwa sababu kompyuta haifunguki.

Dalili zilikuwepo? Zilikuwepo, na zilikuwa na tarehe.

Mwaka 2014 hospitali zile ziliandikiwa barua kuambiwa ziwe na mpango thabiti wa kuachana na Windows XP, kwa kuwa Microsoft walikuwa wanaacha kuihudumia kuanzia tarehe 8 Aprili mwaka huo. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka kinachoziba lile tundu ambalo WannaCry ingelipitia, wakakipa daraja la juu kabisa la dharura. Tarehe 14 Aprili kikundi kinachojiita Shadow Brokers kilimwaga mtandaoni silaha ya kidijitali iliyoibwa kwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, iliyotengenezwa kulipitia tundu hilohilo. Mwezi Machi na tena Aprili, chombo kinachosimamia mifumo ya hospitali za Uingereza kilituma tahadhari: wekeni kiraka. Kiraka kilikuwa bure. Wakaguzi waliandika kwamba taasisi zote za afya zilizoambukizwa zilikuwa na Windows isiyowekewa kiraka au isiyohudumiwa tena.

Watu wengi bado wanadhani XP ndiyo iliyoponza dunia siku ile. Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi mno zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa, uliokuwa na kiraka tayari kwa miezi miwili. Hazikukosa dawa. Mtu alikuwa ameahirisha kuzinywesha. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini Windows iliumia siku ile na Linux ikapona, nitakujibu kwamba WannaCry iliandikwa kwa ajili ya Windows, ndiyo. Lakini Windows iliyosasishwa haikuambukizwa kwa njia ile. Mashambulizi yalipungua ghafla baada ya kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, kugundua anwani ya mtandao iliyofichwa ndani ya kirusi na kuisajili kwa dola kumi na senti kadhaa. Anwani ilipoitika, kirusi kikasimama.

Na halikuwa kosa jipya. Oktoba 2008 Microsoft walitoa kiraka cha dharura. Mwezi uliofuata kirusi cha Conficker kikapita kwa wale ambao hawakukiweka, na Januari 2009 kikafika hadi kwenye mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa. Conficker ilisafiri pia kwa flashi, kwa kutumia ule utaratibu wa zamani wa Windows kufungua flashi yenyewe mara inapochomekwa. Miaka ile kebo ya intaneti ya SEACOM ilikuwa ndiyo kwanza inafika Dar es Salaam, Julai 2009. Huku kwetu intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua, kwa hiyo masasisho hayakuja, lakini flashi zilikuja.

Hapa nataka tuseme ukweli kuhusu sababu yetu sisi. Mtu wa Bariadi hakatai kusasisha kwa ukaidi. Anakataa kwa sababu Windows inakula bando. Umeweka kifurushi cha kutuma ripoti, unawasha laptopu, na kabla hujafungua barua pepe bando limekwisha; Windows imejishushia masasisho ya mamia ya MB. Mara ya pili unamwita fundi, unamwambia, kaka hebu nizimie haya mambo ya kuapdeti. Anazima. Unamshukuru. Uamuzi huo una mantiki ya mfukoni, na simlaumu aliyeufanya. Ila ukiujumlisha na antivirusi iliyozimwa kwa ajili ya krak, umebaki na kompyuta isiyopokea kiraka na isiyo na mlinzi. Zipo njia za kubana matumizi bila kufika huko. Kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows unaweza kutangaza kuwa intaneti yako ni ya kupimwa, nayo itaacha kushusha masasisho mengi bila idhini yako. Kisha unachagua usiku mmoja kila mwezi, vifurushi vinapokuwa nafuu, unayaruhusu yashuke. Ofisi yenye kompyuta kumi inaweza kuziruhusu zigawane masasisho zenyewe kwa zenyewe, yasipakuliwe mara kumi.

Nimesema nusu ya ukweli inaumiza, na wenye Mac walilijua hilo mwaka 2012. Apple walikuwa wakitangaza kwenye tovuti yao kwamba Mac haipati virusi vya kompyuta za kawaida. Aprili mwaka huo ikabainika kuwa kirusi kiitwacho Flashback kimeingia kwenye Mac zaidi ya 600,000. Kilipitia tundu la programu ya Java ambalo Oracle, wenye Java, walikuwa wameliziba kwa kiraka tangu Februari. Apple wakachelewa kukifikisha kwa wateja wao hadi Aprili. Miezi michache baadaye yale maneno kwenye tovuti yaliondolewa.

Linux nayo ina kisa chake, na kimegusa Afrika. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera za ulinzi na ruta zinazotumia Linux kwa ndani. Hakikuhitaji ufundi mkubwa. Kilikuwa na orodha ya majina na nywila zipatazo sitini ambazo viwanda huziweka kwenye vifaa hivyo, admin na admin, root na 12345, kikawa kinajaribu moja baada ya nyingine. Wenye vifaa hawakuwahi kubadilisha. Daniel Kaye, Mwingereza, alilitumia jeshi la vifaa vilivyotekwa kwa Mirai kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia hadi mtandao ukayumba. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Kamera za namna hiyo zinafungwa sasa madukani Bariadi, Lamadi na Maswa. Aliyefungiwa kamera amkumbushe fundi abadilishe nywila siku hiyohiyo, kabla ya ngazi kuondolewa ukutani.

Kuhusu simu: Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Inalindwa vizuri mpaka pale tunapopokea faili la APK, yaani faili la kuweka programu, kupitia WhatsApp, tukaambiwa na simu kwamba chanzo hiki hakijulikani, tukaenda kwenye mipangilio tukaruhusu. Onyo limeandikwa, tumelisoma, tumelipita. Kisha programu ya tochi au ya mkopo inaomba kusoma meseji na majina yote ya simu, nasi tunakubali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Jiulize ni ngapi kati ya hizo ziliomba orodha ya namba za ndugu na jamaa zako, na nani aliyezipa.

Lakini kuna kisa kimoja cha dalili iliyosikilizwa, nacho hunipa moyo. Machi 2024 mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, alikuwa anapima mambo yake kwenye Linux akaona kuingia kwenye kompyuta kwa mbali kunachelewa. Kuchelewa kwenyewe kulikuwa nusu sekunde. Wengine tungesema mtandao leo mzito. Yeye akafuatilia, akakuta mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejipatia uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili miongoni mwa watunzaji wa programu ndogo iitwayo xz, amepenyeza mlango wa siri ndani yake. Tarehe 29 Machi akatangaza hadharani, na toleo lile likaondolewa kabla halijasambaa kwenye mifumo mingi. Linux ilipona kwa sababu kazi yake iko wazi kwa yeyote kuichungulia, na kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mtu aliyeamua kuchungulia.

Yaliyotokea kwa XP yanatukuta tena sasa hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Watu binafsi wanaweza kujiandikisha wapate masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na laptopu nyingi za mtumba tunazouziwa, zile za kabla ya 2018, hazitimizi masharti hayo. Zitaendelea kuwaka vizuri. Zitaandika barua, zitaprinti, zitafungua flashi. Hazitaonyesha ugonjwa wowote, ila kila tundu litakalogunduliwa litabaki wazi. Mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu analielewa hili kuliko mhandisi: bwana shamba humwambia kila msimu ang'oe masalia na kuyachoma, kwa sababu mabua makavu yanayoonekana hayana kitu ndiyo yanayohifadhi wadudu hadi msimu unaofuata, na wakitoka hapo hawaishii kwenye shamba lako.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, wakati XP imebakiza miaka miwili ya kuhudumiwa. Leo karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anatunza majina ya wakulima na kilo zao kwenye kompyuta. Vituo vya afya vya umma vinaandikisha wagonjwa kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa vituo hivyo. Walimu nao wanaweka alama za wanafunzi kwenye kompyuta. Kwa hiyo swali la mfumo gani unapata virusi vichache linahusu malipo ya pamba na faili la mgonjwa. Kompyuta ya zamani isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza kupewa Linux Mint, ambayo hutosheka na RAM ya GB 4 na hata GB 2 inakwenda. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unaijaribu bila kufuta chochote: kama inaprinti kwenye printa yako, kama inafungua mafaili yako ya Word, kama mifumo unayotumia kazini inafunguka kwenye kivinjari. Kama kuna programu yako muhimu inayotaka Windows pekee, baki na Windows, ila iwe halali, iwe na masasisho. Microsoft Defender iliyomo ndani yake inatosha kwa wengi wetu, mradi tusiizime. Fungua akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, na ile ya msimamizi iache kwa siku ya kuweka programu. Amuru Windows ionyeshe herufi za mwisho za majina ya mafaili.

Na uwe na nakala. WannaCry ilifunga hata diski zilizokuwa zimechomekwa wakati inaingia, kwa hiyo diski ya nakala isiyochomolewa haina msaada. Nakili kumbukumbu za ofisi kila Ijumaa, chomoa diski, ipeleke ikalale nyumba nyingine. Mara moja kwa mwezi ichomeke kwenye kompyuta tofauti, fungua mafaili mawili matatu ya zamani na mawili ya wiki hii, uone kama yanasomeka.